Artusi na Lugha ya Jikoni

Mtu akiniuliza ni nani aliyewafunza Waitalia kusema lugha moja, nalijua jibu analolitarajia kutoka kwa mwalimu wa isimu. Analitarajia jina la Dante, au la Alessandro Manzoni, mwandishi wa riwaya ya I promessi sposi, ambaye aliichapisha upya kazi hiyo kati ya 1840 na 1842 baada ya kuisafisha ili ifuate usemi wa watu wa Florence. Majina hayo yanastahiki heshima yake, wala sina nia ya kuyabeza. Hata hivyo, leo nitamzungumzia mtu mwingine, ambaye hakuwa mshairi, wala mwanariwaya, wala msomi wa chuo chochote. Alikuwa mfanyabiashara wa hariri, kapera mwenye sharafa nyeupe zilizoyafunika mashavu yake, aliyeandika kitabu cha mapishi. Jina lake ni Pellegrino Artusi.

Mnamo 1970, mwanachuoni Piero Camporesi alipokihariri upya kitabu hicho, alitoa hoja kwamba Artusi alifanya mengi zaidi ya Manzoni katika kuwaunganisha Waitalia kwa lugha. Wapo walioichukua hoja hiyo kuwa ni mzaha. Mimi naona inafaa kuwekwa mbele ya walimu na wanafunzi wetu wa Kiswahili, hasa wale wanaoweza kuuchanganua utungo wa shairi hadi mizani ya mwisho, lakini wakashindwa kueleza jinsi chakula cha jana usiku kilivyopikwa nyumbani kwao bila ya kukopa neno la Kiingereza katika kila sentensi.

Artusi alizaliwa tarehe 4 Agosti, 1820, katika mji mdogo wa Forlimpopoli, jimbo la Romagna, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya utawala wa Papa. Baba yake alikuwa na duka la viungo na bidhaa za nyumbani, na biashara ilimnyookea. Kijana alipelekwa kusoma katika seminari ya Bertinoro, mji ulio jirani, kisha akarudi kumsaidia baba yake dukani. Maisha yake yangalikwisha hivyo hivyo, katika kupima viungo na kuandika madeni, lau si usiku mmoja wa Januari, 1851.

Usiku huo wa tarehe 25, wakuu wa mji na matajiri wake walikuwa wamekusanyika katika ukumbi wa michezo ya kuigiza. Pazia lilipofunguliwa, badala ya waigizaji, jukwaani walisimama majambazi wenye bunduki, wakiongozwa na Stefano Pelloni, aliyejulikana kote Romagna kwa lakabu ya Il Passatore. Waliwaita matajiri mmoja mmoja kwa majina, wakawanyang'anya. Baadaye wakaziendea nyumba, na nyumba ya akina Artusi ilikuwa mojawapo. Mali iliibwa, na wanawake wa nyumba hiyo walidhulumiwa kwa namna ambayo gazeti la watu wa rika zote haliwezi kuieleza kwa ukamilifu. Dada mmoja, Gertrude, alikimbilia juu ya paa ili ajinusuru. Akili yake haikurejea tena tangu usiku huo, na alimalizia maisha yake katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Pelloni aliuawa miezi miwili baadaye, lakini kuuawa kwake hakukuirejeshea familia hiyo kilichopotea. Muda si mrefu walifungasha vitu vyao na kuhamia Florence.

Naliweka tukio hili mbele kwa makusudi. Watu wengi wanaomtaja Artusi humchora kama mzee mnene mcheshi aliyependa kula. Ucheshi anao kweli, na upo katika kila ukurasa wake. Lakini ni ucheshi wa mtu aliyewahi kuiona nyumba yake ikivunjwa usiku, na ambaye baada ya hapo, kwa karibu miaka 40, hakuona jambo kubwa zaidi duniani kuliko watu wa nyumba moja kuketi salama na kula pamoja.

Huko Tuscany alifanya kazi katika biashara, kwanza kwenye bandari ya Livorno na kisha Florence, akishughulika na hariri na mambo ya fedha. Alifanikiwa. Alipokaribia umri wa miaka 50 alikuwa na mali ya kutosha kuishi bila ya kazi nyingine, naye akajitenga na biashara, akahamia katika nyumba iliyopo uwanja wa D'Azeglio, na kujitia katika fasihi. Mnamo 1878 alichapisha kitabu kuhusu maisha ya mshairi Ugo Foscolo. Hakikusomwa. Akaandika maelezo juu ya barua za Giuseppe Giusti. Nayo hayakusomwa. Ndipo mzee huyu alipogeukia jiko.

Hapa sharti nieleze hali ya lugha katika nchi hiyo, kwani ndiyo kiini cha kisa chote. Italia iliungana kuwa ufalme mmoja mwaka 1861. Kufikia hapo, zaidi ya robo tatu ya watu wake hawakujua kusoma wala kuandika. Mwanaisimu Tullio De Mauro, katika kitabu chake cha 1963, alikadiria kwamba walioweza kuitumia lugha ya Kiitalia wakati wa muungano walikuwa watu wawili na nusu tu katika kila mia. Wengine baadaye waliipandisha kadirio hiyo hadi karibu kumi katika mia. Hata tukiikubali hesabu iliyo kubwa, bado watu tisa katika kumi walizungumza lahaja za kwao tu: mtu wa Sicily hakumwelewa mtu wa Piedmont, na mtu wa Venice hakuwa na habari na wa Napoli. Serikali iliunda tume, na Manzoni mwenyewe aliandika taarifa mwaka 1868 akipendekeza usemi wa Florence ufundishwe kila mahali. Walimu wenzangu wataona kwamba kisa hiki si kigeni kwetu. Sisi nasi tulipewa Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na mpaka leo wapo wazee wa Mvita ambao ukiwagusa hapo utajuta.

Jikoni hali ilikuwa mbaya zaidi. Wapishi wa matajiri walitumia Kifaransa, au tuseme Kifaransa kilichovunjika, kwa kuwa ndicho kilichohesabiwa kuwa lugha ya watu waliostaarabika. Wanawake wa nyumba za kawaida walitumia lahaja. Mboga moja ilikuwa na majina kumi, na jina moja liliweza kuwa na maana tatu kulingana na mji. Mtu wa Bologna hangeweza kumwandikia mtu wa Palermo namna ya kupika supu, si kwa sababu supu ilikuwa ngumu, bali kwa sababu hawakuwa na maneno ya pamoja ya kuinenea.

Artusi aliandika La scienza in cucina e l'arte di mangiar bene, yaani sayansi ya jikoni na sanaa ya kula vizuri. Wachapishaji walikikataa. Profesa mmoja aliyeombwa maoni alitabiri kwamba hakitafika mbali. Mwandishi mwenyewe anasimulia kwamba alizitoa nakala mbili kuwa zawadi katika bahati nasibu ya hisani kwao Forlimpopoli, na walioshinda wakamwuzia muuza tumbaku. Mzee hakufa moyo. Alikichapisha kwa fedha zake mwaka 1891, nakala 1,000, mapishi 475, akawa anaziuza yeye mwenyewe kwa njia ya posta kutoka nyumbani. Toleo la pili lilipatikana mwaka 1895. Kuanzia hapo halikuzuilika. Wanawake kutoka pande zote za Italia walimwandikia barua kumsahihisha, kumsifu, na kumletea mapishi ya kwao, naye akayajaribu na kuyaingiza katika matoleo yaliyofuata, hata kufikia kifo chake mapishi yalikuwa 790. Kwa maneno mengine, nchi nzima ilimtumia chakula chake, naye akairudishia chakula hicho kikiwa katika lugha moja.

Lugha yenyewe ndiyo inayonivutia. Yeye alikuwa mtu wa Romagna, lakini alichagua Kiitalia cha Tuscany, na mwanzoni mwa kitabu akaweka faharasa fupi ya maneno ya Tuscany ambayo wasomaji wa kwingine wangeyakosa. Kifaransa alikipiga vita, japo bila ya matusi. Mchuzi ule mweupe wa maziwa na unga ambao wapishi wote waliuita kwa jina la Kifaransa, yeye aliuita balsamella. Jambo la maana ni kwamba hakuishia katika kubuni msamiati na kuuorodhesha, kama tunavyofanya sisi katika makongamano. Kila neno alilolipendekeza alilitia katika kitendo ambacho msomaji angekifanya kesho yake kwa mikono. Mwanamke aliyesoma neno hilo alilishika pamoja na mwiko.

Chukua mfano wa vitonge vya nyama, ambavyo Waitalia huviita polpette na ambavyo binamu yao wa pwani yetu ni kababu. Artusi anaanza kwa kujitetea kwamba hana kiburi cha kumfundisha mtu kutengeneza kababu, kwa vile kila kiumbe anajua, na anamtaja punda kuwa pengine ndiye aliyewaonyesha binadamu mfano wa kwanza. Msomaji aliyewahi kupita nyuma ya punda wa Lamu ameelewa. Kisha anaingia kazini: nyama iliyochemshwa ikabaki, ikatwe laini, itiwe jibini, viungo, zabibu kavu kidogo, na vijiko vya mkate uliopikwa katika supu au maziwa, ifungwe kwa yai, ifinyangwe katika vitonge vya ukubwa wa yai, vilivyobonyezwa juu na chini kama dunia inavyobonyea katika ncha zake. Mwanafunzi wa jiografia, mpishi, na mpenda mzaha wanakutana katika sentensi moja. Huo ndio uandishi.

Makaroni nayo aliyapenda kupita kiasi, na yalitaka kumharibia jina. Anaeleza kwamba mwaka 1850, akiwa Bologna katika mkahawa wa Tre Re, aliketi meza moja na wanafunzi kadhaa pamoja na Felice Orsini. Hao walikuwa wakinong'ona habari za mapinduzi, ilhali yeye fikira zake zilikuwa juu ya sahani ya makaroni. Wakambandika jina la mla-makaroni. Orsini ndiye yule aliyemtupia mabomu mfalme Napoleon wa Tatu jijini Paris, Januari 1858, akauawa kwa hukumu miezi miwili baadaye. Sijui kama kuna kitabu kingine cha mapishi ambacho ndani yake muuaji mashuhuri anapita kati ya chumvi na siagi.

Hata kipindupindu kimo. Mwaka 1855, huko Livorno, alikula supu nzito ya mboga katika mkahawa mmoja, na usiku tumbo likamsokota, akailaani supu hiyo hadi asubuhi. Alipokwisha kurudi Florence alipata habari kwamba kipindupindu kilikuwa kimeingia Livorno, na kwamba mwenye nyumba aliyokuwa amepanga huko alikuwa amekwisha kufa. Baada ya kusimulia hayo, anatulia na kutoa maelekezo ya supu ile ile.

Sasa, makaroni na kababu katika sufuria moja, chakula ambacho leo familia nyingi za Nairobi hukipika jioni ya siku ya kazi, hakimo kwa Artusi kwa umbo hilo. Kababu zipo katika kurasa zake, na makaroni katika kurasa nyingine. Waliozikutanisha kwa wingi ni Waitalia maskini, wengi wao watu wa kusini, waliovuka bahari kwenda Marekani. Kati ya 1880 na 1920 waliingia huko zaidi ya milioni nne. Kwao nyama ilikuwa kitu cha sikukuu. Marekani waliimudu katikati ya juma, nao wakaitupia juu ya tambi. Sisi hapa tumevipata vitu hivi kwa njia zaidi ya moja. Pwani tunazo tambi zetu za tangu zamani, ambazo wengine huzipika kwa sukari na iliki. Wasomali, ambao Waitalia waliwatawala, walilichukua neno pasta wakaligeuza baasto, na ukienda Eastleigh utaipata na nyama na ndizi mbivu kando. Malindi nako Waitalia wamekaa miaka mingi, na waendesha bodaboda wa huko wana Kiitalia kuliko baadhi ya mabalozi.

Nimejaribu kukiandika chakula hicho kwa Kiswahili, ili nione kama lugha itakatika njiani. Twaa nusu kilo ya nyama ya kusaga. Chovya vipande viwili vya mkate wa jana katika maziwa, vikamue, uvivuruge na nyama pamoja na yai, kitunguu kilichokatwa laini, chumvi na pilipili manga. Usiikande mno, isije ikawa ngumu. Finyanga vitonge vidogo, vidogo kuliko vya Artusi, kwani vikubwa vitachelewa kuiva. Teleka sufuria pana, mimina mafuta, vikaange vitonge hivyo hadi viwe na rangi ya kahawia pande zote, kisha vitoe. Katika mafuta yaliyobaki, kaanga kitunguu na kitunguu saumu, tia nyanya nne au tano zilizopondwa, ziache zirojeke. Ongeza kiasi cha lita moja ya maji, na yanapotokota tia gramu 400 za tambi zilizovunjwa, rudisha vitonge, koroga, ufunike. Punguza moto. Koroga mara kwa mara, kwani unga unaotoka katika tambi ndio utakaoufanya mchuzi uwe mzito, na unga huo huo ndio utakaoshika chini ukizubaa. Baada ya dakika 12 hivi tambi zitakuwa zimeiva na maji yamekauka kiasi cha kubaki rojo. Epua, uache kidogo, upakue.

Lugha haikukatika. Kuteleka, kufinyanga, kurojeka, kutokota, kuepua, kupakua: maneno yote yalikuwapo kabla ya kuzaliwa kwetu. Lakini nilipowapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza zoezi kama hili, wengi hawakulijua neno kuepua, na baadhi walidhani kuteleka ni kuteleza. Wanafunzi hao wamepasi Kiswahili katika shule za sekondari, na nyumbani mwao wanakula kila siku. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, tumeshangilia, na tumekwenda zetu kuunda istilahi za kompyuta. Somo la upishi shuleni limebaki linafundishwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa Kiswahili naye akitaka insha ya maelekezo huomba namna ya kupiga kura au namna ya kupanda miti. Ni kwa nini asiombe namna ya kupika maharagwe? Nadhani tunaliona jiko kuwa mahali pasipo heshima ya kitaaluma, na sababu tunaijua: tumewaachia watu ambao hatuwahesabu kuwa wasemaji wa lugha.

Kwa kweli Artusi mwenyewe angeikataa sufuria yangu moja. Makaroni aliyataka yachemshwe peke yake katika chombo kikubwa chenye maji tele, na yaepuliwe kabla hayajalainika mno. Lakini yeye hakuwa na jiko moja la gesi na watoto watatu wanaosubiri kulala. Zaidi ya hayo, alikuwa na Marietta.

Na hapo pana jambo ambalo wasifu nyingi hulipitia mbio. Katika nyumba ile ya uwanja wa D'Azeglio waliishi watumishi wawili: Francesco Ruffilli, mpishi aliyetoka kwao Forlimpopoli, na Marietta Sabatini, mwanamke wa Tuscany. Mzee alichagua, akaonja, akapima, akaandika; mikono iliyoyajaribu mapishi mamia kwa mamia, yakaharibika na kurudiwa, ilikuwa yao. Sadfa ya lugha pia ipo hapo: mwandishi ni wa Romagna, mpishi mmoja ni wa Romagna na mwingine ni wa Tuscany, na kila siku jikoni lahaja hizo mbili zilikuwa zinatafutana mbele ya chungu kimoja. Siamini kwamba Artusi aliupata usemi wake wa Tuscany vitabuni tu. Artusi aliutambua mchango huo kwa sehemu kitabuni, kwani moja katika mikate yake mitamu ya Krismasi ina jina la Marietta. Nimejiuliza mara nyingi ni vitabu vingapi vya mapishi vimetoka hapa Afrika Mashariki tangu enzi za wakoloni, na ni vingapi vilivyomtaja kwa jina mpishi aliyesimama jikoni.

Pellegrino Artusi alifariki Florence tarehe 30 Machi, 1911, akiwa na umri wa miaka 90, akazikwa katika makaburi ya San Miniato. Hakuwa na mke wala mtoto. Sehemu kubwa ya mali yake aliuachia mji wa Forlimpopoli, mji ule uliomfukuza kwa hofu miaka 60 iliyotangulia. Haki za kitabu, yaani faida ya kila nakala itakayouzwa baada yake, aliwaachia Marietta na Francesco, wakati ambapo kitabu hicho kilikuwa kinanunuliwa katika kila mji wa Italia na kuingia katika masanduku ya mabibi harusi. Mwaka 2007 Forlimpopoli ilifungua nyumba ya utamaduni kwa jina lake, yenye maktaba na shule ya kupika, na wanawake wanaofundisha hapo namna ya kukanda na kusukuma tambi kwa mkono huitwa akina Marietta.